Watoto Kumi wa Fundi Mfaume

Kwa mwaka mmoja na miezi mitano, wavulana tisa wa shule yetu tulikuwa na baba mmoja, na hakuna aliyelalamika. Baba huyo aliitwa Mfaume, fundi seremala wa Keko, na alitulea vizuri sana kwa simu.

Nasema hivi kwa unyenyekevu, kwa kuwa mwasisi ni mimi. Shule yetu ipo Temeke, wavulana na wasichana, wengine wa bweni na wengine wa kutwa. Tulipoingia kidato cha tatu tuligawiwa fomu ya taarifa za mzazi tukaambiwa tuijaze wenyewe, uzembe ambao kijana mwenye busara hawezi kuuacha upite bure. Palipoandikwa namba ya simu ya mzazi nikaandika namba ya Fundi Mfaume, niliyemfahamu alipokuja kukarabati madawati yetu. Wenzangu wanane wakaniiga. Malipo yalikuwa jasho: kila Jumamosi ya matembezi, sisi wa bweni tunaporuhusiwa kutoka, mtoto alifika karakana akapiga msasa vitanda kwa saa mbili.

Tangu hapo, Mwalimu Elinaza wa nidhamu akipiga simu kulalamika, alipokelewa na mzazi mwenye huzuni kubwa. Fundi alikuwa na orodha yetu kwenye kipande cha mbao, kwa penseli: jina, kabila, dini. Kwa ajili ya Kamugisha alikuwa mzee wa Bukoba mwenye sauti ya askofu. Kwa ajili yangu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekohoa kutokana na baridi ya huko. "Umeniumiza moyo, mwalimu," alisema kila mara. "Nitamkanya." Mwalimu alipiga kwa simu ya mezani akisoma namba kwenye faili la kila mmoja, na hakuna binadamu anayekariri tarakimu kumi za mzazi wa mtu. Meseji za shule nazo zilimfikia Fundi, akazisoma akinywa chai. Mama yangu wa kweli, muuguzi kule Mwananyamala, aliamini kwamba mimi ni kiranja wa chakula. Nilimwambia mwenyewe.

Januari mwaka huu alihamia darasani kwetu msichana wa kutwa aitwaye Somoe. Fomu yake ilikuwa na namba ya baba yake halisi, na baba yake halisi ni Fundi Mfaume. Fundi hakumweleza binti yake habari zetu, wala shule hakuiambia kitu. Somoe alipotukuta karakana akadhani sisi ni vijana tunaopenda useremala, akatusifu kwa bidii yetu. Tulizipokea sifa hizo tukiangalia chini.

Basi Alhamisi, saa nne asubuhi, Somoe alikaa mbele ya kompyuta ya maabara, akaandika nywila yake. Kioo kikamjibu kwamba akaunti imefungwa, kwamba mtumiaji ni Allen, na kwamba Allen amesimamishwa masomo.

"Mie ni Allen?" akauliza.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa karibu. Kisha nikaandika nywila yangu, nikaambiwa kwamba na mimi ni Allen.

Allen ni mwenzetu mmoja katika wale tisa. Wiki iliyotangulia alisimamishwa siku kumi na nne kwa kosa la kupaka sabuni ngazi ya bweni kabla ya ukaguzi. Alifungasha vitu vyake akaondoka na barua ya kumpelekea mzazi.

"Utacheka sana," Somoe alinambia, "lakini michoro yangu yote imo humo."

Hapo nikaacha. Darasa zima tuliijua michoro hiyo. Kwa miezi miwili Somoe alikuwa anasanifu kitanda cha ghorofa cha bweni kisichotoa mlio mtu akigeuka. Chuo kimoja cha samani cha Arusha kilikuwa kinatoa nafasi kumi na mbili za kusoma bure, nchi nzima, na kazi ilitakiwa kuingia kupitia akaunti ya shule ya mwanafunzi mwenyewe, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya kidato cha nne hakukuwa na mpango mwingine nyumbani kwao. Somoe alilisema hilo waziwazi, kama mtu anavyokutajia njia ya kwenda sokoni.

Tulikwenda kwa Brightson, kijana anayetunza kompyuta za shule, ambaye wote tunamwita braza. Alikuwa anakula muhogo juu ya kibodi. Akafungua, akatazama, akauweka muhogo chini.

"Jana nimelandanisha saraka," alisema.

"Kwa Kiswahili, braza," nikasema.

"Hicho ndicho Kiswahili. Shule ina madaftari mawili ya majina, sawa? La ofisini, lenye faili zenu. Na la mfumo wa masomo, lenye akaunti zenu. Yalikuwa hayajuani. Mwanafunzi akihama, ofisi inajua, mfumo haujui. Sasa kila saa kamili daftari la ofisi linaliambia lile la masomo: huyu yupo, huyu kaondoka, huyu kasimamishwa. Ofisi ikisema, masomo linatii."

"Na linajuaje kwamba Somoe wa huku ndiye Somoe wa kule?" nikauliza.

"Hapo ndipo nilipotumia akili." Akajikuna shingo. "Namba za usajili hazifanani. Majina yanaandikwa kila mtu anavyojisikia. Nikachukua simu ya mzazi pamoja na kidato. Ndugu wanaweza kuwa na mzazi mmoja, lakini hawasomi kidato kimoja. Mapacha tunao jozi mbili tu, nikawatenga kwa mkono."

Alibonyeza mahali, orodha ikatokea, na Somoe akaisoma kwa sauti: majina kumi, simu moja, kidato cha nne. Kamugisha. Allen. Lusungu, ambaye ni mimi. Mpaka la mwisho, Somoe.

"Hii namba ni ya baba," alisema.

"Mfumo umeona mzazi mmoja, kidato kimoja," Brightson akasema, "ukafanya mtoto mmoja. Na kwa kuwa mmoja amesimamishwa, wote mmesimamishwa."

Somoe alinigeukia taratibu. Nimewahi kutazamwa na matroni aliyekuta jogoo hai ndani ya kabati la mashuka, lakini haikuwa hivi.

"Lusungu. Hebu nieleze mie nina kaka wangapi."

"Tisa," nikasema.

Nikaeleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipofika kwenye lafudhi ya Bukoba, Brightson alikohoa akageukia dirishani.

"Kwa hiyo zile Jumamosi hamkuwa mnapenda useremala," Somoe akasema.

"Baadaye tulizoea."

"Nyamaza. Braza, badilisha namba yangu. Weka ya mama."

Brightson akatikisa kichwa. "Ukihamia namba nyingine unapata akaunti mpya, tupu. Michoro inabaki kwenye kabati la namba ya zamani. Anayebaki na namba ndiye anayebaki na kabati."

"Basi nitolee michoro yangu uniletee."

"Makabati ya wanafunzi hata mie siyafungui. Waliotengeneza mfumo wanaweza. Nimeshawaandikia. Wamejibu ombi limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi."

"Basi watoke wao tisa," Somoe akasema. "Nibaki mie."

Ndiyo njia iliyokuwepo. Ila Brightson alikuwa na mawili ya kuongeza. La kwanza, siku hizi simu ya mzazi haibadilishwi kwa fomu. Ofisi hutuma tarakimu sita kwenye simu mpya, na mzazi mwenyewe anazisoma kwa sauti, utaratibu uliowekwa kwa sababu ya watu wa aina yetu. La pili, simu mpya ikiingia, mfumo unamtumia mzazi meseji zote za mtoto wake tangu mwanzo, ili asipitwe na jambo.

"Zote?" nikauliza.

"Zote. Wewe unazo ishirini na tatu."

Jioni hiyo, baada ya maharage, niliwakusanya wana wa Mfaume nyuma ya jiko. Tulikuwa wanane, Allen akiwa hayupo. Nilisimama juu ya ndoo nikawaeleza kwamba familia yetu imefika mwisho, na kwamba kila mmoja kesho atampigia mzazi wake wa kweli.

Kamugisha, ambaye baba yake ni mwalimu mkuu kule Muleba na hana utani, alitema mbegu ya chungwa.

"Wewe ndiye uliyetupa baba, sasa unatunyang'anya."

"Ana mtoto wake."

"Alikuwa naye siku zote. Kwa nini iwe ishu leo?"

"Kwa sababu leo tumemla."

"Mie baba atapanda basi, Lusungu. Atapanda basi toka Muleba aje anipige hapa, kisha apande tena arudi akafundishe."

"Atafika Jumatatu. Somoe mwisho wake kesho saa kumi."

Wakabishana. Mmoja alipendekeza tusubiri hizo siku saba. Mwingine alipendekeza Somoe achore upya usiku kucha, na wote tukamtazama mpaka akajionea aibu. Nikaona maneno hayatoshi.

"Kesho nitaanza mimi," nikasema. "Mkinisikia nimenyamaza kwenye simu, mjue nimekufa. Mkiona nimetoka mzima, foleni ianze."

Kamugisha akamenya chungwa la pili, akala lote. "Nitakuwa wa mwisho," alisema. Kwake hiyo ni ndiyo.

Ijumaa, saa nne na dakika kumi, ndipo mama anapokunywa chai wodini na kuishika simu yake. Brightson alipiga kwa simu ya ofisi, akanipa mkono wa simu. Nje ya mlango wenzangu walipanga mstari kama wanaosubiri sindano. Somoe alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba kiranja wangu. Mbona saa hizi, unaumwa?"

"Siumwi. Mama, itaingia meseji ina tarakimu sita. Naomba umsomee braza wa kompyuta."

Akasoma, sita zote, kwa sauti ya kutaja dozi. Brightson akaandika.

"Tayari? Ya nini hiyo?"

"Mama, zitakuja nyingine."

"Za nini?"

"Za shule. Ishirini na tatu."

"Za viranja?"

"Hapana mama."

Nikasikia simu yake ikilia mlio wa meseji, ukafuatia mwingine, na mwingine, zikifuatana kama mvua inapoanza juu ya bati. Nikamsikia mama akiweka kikombe mezani. Kisha akasema, "Natoka kazini saa tisa," akakata.

Nilitoka mzima. Foleni ikaanza.

Sitasimulia simu za wote. Mmoja alilia kabla hajasalimia. Mmoja baba yake alicheka mpaka Brightson akashindwa kujizuia, naye akacheka. Kamugisha aliongea Kihaya peke yake dakika saba, akatoka, akakaa chini ukumbini. Saa sita kamili saraka zikaulizana, na orodha ya Fundi Mfaume ikabaki na watoto wawili: Allen na Somoe. Akaunti bado ilikuwa imefungwa, kwa sababu Allen ndiye mwenye adhabu.

"Mpigieni Allen nyumbani kwao, Kigamboni," Somoe akasema.

Nikakohoa. "Allen hayupo Kigamboni."

Aliposimamishwa, barua ilimtaka aripoti kwa mzazi aliyeko kwenye faili, na Allen ni kijana mtiifu. Alikwenda Keko. Siku zote hizo alikuwa akilala karakana na kupiga msasa, na baba yake wa kweli aliamini mwanawe yupo darasani.

"Analala kwetu?" Somoe akauliza.

"Karakana. Si kwenu hasa."

"Wallahi nyie."

Namba ya baba yake Allen hakuna aliyeijua ila Allen, na Fundi hakupokea simu kwa sababu ya swala ya Ijumaa. Ilibidi kwenda, na mwanafunzi wa bweni hatoki siku ya Ijumaa bila ruhusa ya Mwalimu Elinaza. Basi nikaenda kwake. Nilimkuta anasahihisha. Nikapiga magoti, jambo ambalo halikuwa la lazima, nikamsimulia toka kwenye fomu.

Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu nyekundu hewani.

"Yule mzee wa Bukoba," akasema hatimaye. "Aliyeniambia tuombe pamoja kwa ajili ya Kamugisha."

"Ni yeye, mwalimu."

"Nilifumba macho, Lusungu. Nilifumba macho ofisini."

"Pole sana, mwalimu."

Akaifunika kalamu. Akatazama saa ukutani, ilikuwa saa saba na robo. "Adhabu yako nitaifikiria kwa nafasi, kwa sababu inahitaji nafasi. Yule binti ana mpaka saa ngapi?"

"Namba lazima ibadilike kabla ya saa tisa, mwalimu, ili saa tisa kamili mifumo iulizane. Ikipita, inayofuata ni saa kumi, na mlango wa chuo unafungwa."

"Vaa viatu."

Tulitembea kwa miguu, mwalimu mbele, mimi nyuma hatua tatu. Keko ilikuwa imejaa vitanda na makochi mpaka kwenye mtaro wa maji. Karakana ya Fundi ilikuwa na kufuli. Tulisimama kwenye kivuli cha kabati la milango mitatu, Mwalimu Elinaza akisoma bango la vernishi kwa makini ya ajabu, mpaka saa nane ikapita. Saa nane na nusu Fundi akatokea, kanzu nyeupe, kofia mkononi, akiongozana na Allen.

"Asalaam aleikum," Fundi alisema, kisha akamtambua mgeni, labda kwa viatu, maana hata alipokarabati madawati walikuwa hawajaonana. Akanitazama. Nikatazama vernishi.

"Mwalimu Elinaza," mwalimu akasema. "Tumezungumza mara nyingi."

Fundi akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa. "Mwalimu, mie niliwaonea huruma tu. Mtoto yuko mbali na kwao, kosa dogo, mzee anaitwa..."

"Fundi, hilo tuliache," nikamkatiza, na katika siku ya kawaida ningepigwa kofi kwa hilo. "Somoe ameshindwa kufungua michoro yake. Akaunti yake imeunganishwa na za kwetu, kwa sababu ya namba yako. Tumetoka wote, kasoro Allen. Allen asipotoka kabla ya saa tisa, Somoe anaikosa Arusha."

Fundi hakuuliza akaunti ni nini. Alikaa kwenye benchi lisilopakwa rangi.

"Michoro ile ya kitanda?"

"Hiyo."

"Ile aliyonikosoa maungio yangu?"

Akamgeukia Allen. "Namba ya baba yako."

Allen ni mrefu kuliko wote kidato cha nne, lakini pale alipungua. "Fundi, mzee ataniua. Wewe ipigie ofisi kama mimi. Kama yeye, yaani. Soma hizo tarakimu wewe."

"Zinakwenda kwenye simu yake, Allen," nikasema.

"Basi niachieni mpaka Jumatatu."

"Mwanangu," Fundi akasema, "siku tisa umekula ugali wa nyumbani kwangu. Nani aliyeupika?"

Allen akatazama sahani iliyokuwa chini ya benchi.

"Somoe. Anatoka shule anapika, kisha ndipo anachora. Anakutumia wewe sahani hapa karakana, anadhani ni ya mlinzi. Namba."

Allen akaitaja, tarakimu moja moja. Saa ya mwalimu ilikuwa saa nane na dakika thelathini na nane. Fundi akapiga, akaweka sauti ya nje. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa na sauti nzito.

"Leodegar hapa."

Nilimwona Fundi akivuta pumzi kama anavyofanya kabla ya kuwa Mhaya au Mnyakyusa. Kisha akaiachia.

"Mie naitwa Mfaume, fundi seremala, Keko. Hatujuani. Mwanao Allen yuko kwangu siku ya tisa leo. Shule ilimsimamisha. Meseji zililetwa kwangu kwa sababu mie nilikubali kujifanya wewe."

Mashine ya kupasulia mbao ya jirani iliunguruma, ikazimwa.

"Ni mzima?" sauti ikauliza.

"Mzima. Anapiga msasa vizuri."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu nina binti, na ameumia kwa kosa langu. Zitakuja tarakimu sita kwenye simu yako. Nakuomba umsomee mtu wa shule atakayekupigia. Baada ya hapo njoo umchukue mwanao, na mie uniambie unalotaka kuniambia. Nipo hapa mpaka magharibi."

"Nitakuambia," mzee Leodegar akasema. "Mwambie huyo mtu apige."

Mwalimu Elinaza alikuwa tayari anampigia Brightson kwa simu yake. Tukasubiri. Allen alishika kipande cha msasa akaanza kusugua kona ya benchi ambayo ilikuwa laini tayari. Saa nane na dakika hamsini na tatu simu ya mwalimu ikalia.

"Imeingia," Brightson alisema. "Allen ametoka. Sasa tungoje saa."

Tuliporudi shuleni ilikuwa saa tisa na robo. Maabara ilijaa watu, wote kimya, wale saba wakiwa mstari wa mbele kama wafiwa. Somoe alikuwa ameshaingia. Jina lake lilikuwa juu ya kioo, peke yake. Chini yake kulikuwa na makabrasha ya watu kumi, pamoja na rekodi yangu ya matroni akikoroma, dakika arobaini, kazi ya utafiti.

"Ile michoro ipo?" nikauliza.

"Ipo chini ya takataka zenu."

Alikuwa anaburuta mafaili moja moja bila haraka, akiangalia kila ukurasa mara mbili. Kamugisha alisema kwa sauti ya chini, harakisha sista, naye akajibu bila kugeuka kwamba mtu aliyemkalisha siku nzima asimfundishe kwenda mbio. Saa tisa na dakika arobaini na moja akabonyeza. Kioo kikafikiri. Kikatoa namba ya kupokelewa, ndefu. Akainakili kwenye kiganja kwa kalamu, kisha kwenye daftari, kisha akamwomba Brightson aichapishe.

"Bado hawajanichukua," alisema, akikunja karatasi. "Wamenipokea tu."

"Watakuchukua," nikasema.

"Lusungu, mie na wewe hatujaanza kuongea. Futa vitu vyako humu ndani, halafu utaniambia baba alisema nini."

Nilianza kufuta. Sikufika mbali, kwa sababu mlinzi wa getini aliingia akasema kuna mama muuguzi anamtaka kiranja wa chakula, na yeye amemjibu shule haina cheo hicho.

Mama alikuwa amesimama pale getini na sare zake za kazi, pochi begani, miwani ya kusomea ameshaivaa.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Alipandisha meseji kwa kidole mpaka juu kabisa, akaanza kusoma kwa sauti, na Mwalimu Elinaza, aliyekuwa anapita na faili langu kwapani, akasimama kusikiliza.